Watu Sita wa Kumzoesha Jemedari

Jumatatu, tarehe 4
Shangazi kaniletea mbwa wake Jemedari dukani kwangu, hapa ninaposhonea nguo. Mbwa mkubwa, kifua kipana, jina la vita. Akaingia mteja mmoja tu, mama wa watu na kitambaa chake cha pazia, Jemedari akajichimbia chini ya meza ya kukatia. Hakutoka mpaka nafunga.

Mambo yako hivi. Mwezi jana Shangazi aliteleza bafuni, akalala sakafuni nusu siku bila mtu kujua. Tumempatia chumba cha chini kwenye jengo letu. Kamati ya wapangaji inataka kwanza imwone mbwa Jumamosi: akiwangurumia watu au mbwa wa mlinzi, haingii. Na Shangazi kasema bila Jemedari hahami, atabaki kule kule peke yake. Nikamwambia aniachie mimi, mbwa nawajua. Sijui nini kilinituma. Sijawahi kufuga hata kuku.

Daktari wa mifugo alimpa Shangazi karatasi ya maelekezo. Ndefu. Nimesoma mstari wa kwanza: mbwa mwoga akutanishwe na watu tofauti tofauti. Inatosha.

Jumanne, tarehe 5
Watu tofauti nitawatoa wapi? Wateja wana haraka. Mke wangu kakataa, ana kazi zake. Nikatazama kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Koti la mvua la mpiga picha. Suti ya mwalimu mkuu. Gauni la zambarau la mama wa bibi harusi. Nikahesabu watu sita hapo, na wote naweza kuwa mimi.

Saa nne niliingia kama mpiga picha, nikichechemea kidogo. Jemedari akanitazama sana. Saa tano nikaja kama mwalimu mkuu, kwa sauti nzito, nikamjulia hali. Akaanza kutetemeka. Sielewi. Mwalimu mkuu mwenyewe ni mtu mpole.

Jumatano, tarehe 6
Gauni la zambarau. Na kilemba juu. Jemedari akapita katikati ya miguu yangu, huyo nje. Nikamfuata mbio, gauni nimelipandisha kwa mikono miwili. Mama wa bibi harusi ndiyo kwanza anashuka kwenye teksi, amekuja kulijaribu. Aliyoyasema siyaandiki hapa. Nilivuliwa nyuma ya pazia, nikabaki na kilemba.

Mbwa nilimkuta duka la pili, kwa fundi viatu. Amelala miguuni pake, tena anakoroma. Nikamuuliza fundi amempa nini. Akasema hajampa kitu. Nikamuuliza alimwitaje. Akasema hakumwita, yeye ana kisigino cha kubandika. Huyu jamaa ananificha jambo. Miaka minane tunagombea kivuli kimoja mbele ya maduka, namjua vizuri.

Alhamisi, tarehe 7
Jemedari kaenda tena kwa fundi viatu. Kutwa nzima nimempeleleza fundi huyo kupitia ufa wa ukuta. Hafanyi chochote. Anagonga misumari. Wateja wanaingia, wanakaa, wanavua viatu, Jemedari ananusa soksi zao kwa zamu. Mwuza magazeti akaja na kijibwa chake cheupe. Fundi wala hakuinua kichwa. Mbwa wakazungukana, wakanusana, wakalala.

Naona wivu, sitaficha. Mimi ndiye niliyevaa gauni.

Jioni nimegundua. Ni gundi. Lazima itakuwa harufu ya gundi.

Ijumaa, tarehe 8
Nimejipaka gundi ya viatu kwenye suruali, mbele na nyuma, nikaketi karibu na Jemedari. Akapiga chafya, akahamia kwa fundi viatu. Nikataka kuinuka nimfuate, kiti kikainuka na mimi. Mke wangu ndiye aliyenitoa, kwa mkasi wangu wa kitambaa ambao haukatagi kitu kingine. Akaniuliza kama karatasi ya daktari nimeisoma. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza yote? Nikamwambia angalia usinikate.

Jumamosi, tarehe 9
Kamati uani: mwenyekiti, katibu, mlinzi na mbwa wake. Mimi niliamriwa nibaki ndani. Nilichungulia dirishani. Shangazi kwenye benchi, mkoba kaukumbatia, midomo inamcheza. Mwanamke huyu alinilea kwa fimbo na sikuwahi kumwona anaogopa. Roho iliniuma, nikaona siwezi kumwacha hivi hivi.

Nikatoka na suti ya mwalimu mkuu ili kamati iniheshimu.

Jemedari alikuwa ameshamaliza kumnusa katibu, yeye na mbwa wa mlinzi wameshakuwa marafiki. Aliponiona tu, mkia ukaingia katikati ya miguu. Akakimbilia nyuma ya mwenyekiti, akamwegemezea kichwa magotini. Mwenyekiti akampapasa na kumwambia asiogope. Halafu akauliza huyu bwana mwenye suti ni nani, na kama anaishi hapa kweli. Mke wangu akakubali kwa aibu. Wakaandika kwamba mbwa hana neno, aingie. Kuhusu mimi waliandika pia, ila sikuonyeshwa.

Shangazi akalia kwa furaha. Nami nikalia kidogo, nyuma ya tangi la maji. Sijui kama tumeshinda kwa sababu yangu au vipi. Nadhani ni kwa sababu yangu.

Jumapili, tarehe 10
Shangazi kahamia. Akaniita chumbani kwake, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia nifunge mdomo na nisimtazame mbwa. Nikakaa. Dakika ishirini, mguu umekufa ganzi. Jemedari akatoka uvunguni. Akanusa kidole changu. Akaweka kidevu juu ya kiatu changu, kizito, cha moto, akafumba macho. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, umeona baba, ni hivyo tu.

Sijawahi kufurahi namna ile. Na kwa kuwa ameshanizoea, nikaona huo ndio wakati wa kumfundisha kutoa mkono kama mtu anayesalimia.

Amerudi uvunguni. Mimi niko koridoni, Shangazi kafunga kwa komeo. Simwelewi kabisa huyu mbwa. Kutoa mkono ni jambo dogo sana, hata mimi nilimwonyesha, kwa mikono yote miwili, nikibweka.