Malalamiko Kuhusu Shahada Isiyotambua Cheo cha Mtu

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Biashara,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya pili, mlango wenye zulia. Mimi ni meneja mkuu wa kiwanda cha magodoro, mwaka wa kumi na tisa sasa. Bodi yetu imepitisha kwamba ifikapo mwisho wa mwaka ujao, meneja asiye na shahada ya uzamili ya biashara atampisha kitini aliye nayo. Nikawaombeni shahada, nanyi mkanijibu kwa masharti. Yameniuma, na nitayasema moja moja.

1. Kijitabu chenu kina programu tatu: ya asubuhi, ya jioni na ya viongozi waandamizi. Nilichagua ya tatu kwa kuwa ndiyo yenye picha ya viti vya kuzunguka. Sasa naambiwa nayo ina masomo. Wahenga walisema elimu haina mwisho. Hawakusema ina mahudhurio.

2. Mlitaka insha ya kurasa mbili kueleza kwa nini natamani kusoma. Katibu muhtasi wangu aliandika nzuri sana, kuhusu kiu yangu ya maarifa, hata mimi ilinitoa machozi. Mkairudisha mkisema haifanani na mazungumzo yangu ya simu. Mtu mzima hafedheheshwi hivyo.

3. Siku ya utangulizi mlinipanga kikundi kimoja na binti muuza vipuri, tena yeye mwenyekiti. Alinitumia ujumbe akitaka sehemu yangu ya kazi kabla ya Ijumaa. Kiwandani kwangu, Ijumaa za watu hupangwa na mimi.

4. Mwalimu wa uongozi aliuliza nani anawajua watunza stoo wake kwa majina. Nilinyoosha mkono kama wenzangu, naye akaniomba nitaje mmoja tu. Hilo si swali la chuo kikuu, ni umbeya.

5. Mtihani. Mwenye cheo keshafaulu, ndiyo maana anacho. Angekuwa hajui, angepewaje? Napendekeza basi nipewe shahada kwanza, masomo yafuate nikipata nafasi. Au, kwa faida ya taifa, niajirini niwafundishe walimu wenu uongozi, na shahada iwe ya shukrani.

Mficha uchi hazai, Mheshimiwa, kwa hiyo nakiri kwamba naogopa. Bila kiti kile sijui asubuhi nitavaa tai niende wapi. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama nitakuwa nashinda nyumbani, na hakuuliza kwa furaha.

Nisalimie walimu wote, wahudumu wa maktaba ambao sijabahatika kuwafikia, bawabu aliyenionyesha pa kuegesha gari, na hata yule binti wa vipuri.

Ni mimi, mwanafunzi wenu kwa kulazimishwa,
Meneja Mkuu

Tanbihi: Nimekwisha kutia saini ndipo nikaarifiwa kwamba naibu wangu anayo shahada hiyo. Aliipata kwenu mwaka jana, darasa la jioni, na bodi imeshaiona. Barua ya ruhusa nilimsainia mwenyewe, nikidhani anaomba kwenda kliniki. Tafadhali fukueni faili lake leo hii. Hakikisheni insha aliandika yeye, kazi za kikundi alifanya yeye, na hakukosa kipindi hata kimoja. Kiti kikubwa namna hii hakiwezi kuachiwa mtu ambaye hakusoma.