Malalamiko Kuhusu Nyumba ya Ghorofa Iliyoliwa Mbugangari

Gisenyi, 9 Agosti 1999

Kwa Mama Pascasie,
Mwenyekiti, Ushirika wa Wanawake Waokaji

Mama Mwenyekiti,

Kwa masikitiko makubwa, na tumbo lililoshiba, nakutangazia kwamba Jumamosi ya tarehe 24 Julai, saa tisa na robo alasiri, nyumba moja ya ghorofa ililiwa hapa Mbugangari mbele ya watu mia mbili. Hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa mimi.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa keki ya arusi ya binti yangu Uwitonze. Aliyeioka ni mwanachama wako, Mama Verediane. Mimi nilimwagiza keki ya ghorofa tatu, yaani mikate mitatu ya duara, mkubwa chini, mdogo juu, kama tulivyosema kule Kigoma nilikokulia. Kazi yangu ni kusoma mizani ya viazi vya Mudende tu, lakini kwa Kiswahili sanifu sijapata kushindwa na mtu hapa mjini. Labda kwa kuwa hakuna anayeshindana nami.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ililetwa nyumba. Ilikuwa na milango, madirisha ya sukari, bati la biskuti, na juu yake antena ya televisheni. Mimi mwenye arusi hata redio naazima.

2. Niliagiza ghorofa tatu, zikaja nne. Nilipouliza, Mama Verediane alinijibu mbele za watu: "Papa, ile ya chini haihesabiwe! Ni rez-de-chaussée. Kisha étage moja, mbili, tatu. Weye ulisoma wapi?" Nilisoma Kigoma, Mama Mwenyekiti, na ya chini tuliihesabu.

3. Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Mzee Habumugisha, msemaji wa upande wa bwana arusi, aliizunguka keki mara mbili, akavua kofia, akapaza sauti: "Bamwana, wakwe zetu! Ng'ombe tuliyowapa sasa naona haya kuitaja. Mutu anamupa binti yake nyumba ya étage, na kwanza anatuonjesha ramani!" Vigelegele vikapigwa hadi ziwani.

4. Tangu siku hiyo wakwe wanaingoja nyumba. Uwitonze anapikiwa yai kila asubuhi, na mama mkwe hamruhusu kugusa jembe. Mumewe ameacha kutafuta chumba cha kupanga. Juzi walikuja wanaume wawili na kamba kuupima uwanja wangu, ambao unatosha mbuzi wawili wasio na ugomvi. Siku watakapojua kwamba hakuna nyumba, yai litakoma, na binti yangu ataitwa binti wa mwongo kwa watu ambao hajamaliza nao hata mwezi. Hapo, Mama, sitanii.

5. Antena ilinikwama kooni.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu ushirika wako umpe Mama Verediane onyo. Pili, uwaandikie wakwe zangu, kwa mhuri, kwamba keki ile ilikuwa keki. Ikishindikana, basi mjenge nyumba. Sioni ugumu wowote. Ramani yote iko kichwani mwa mwanachama wenu, na mtu aliyeweza kuoka ghorofa nne kwa mkaa juu na mkaa chini hawezi kushindwa kuchoma matofali. Niko tayari kusamehe ile ghorofa ya ziada.

Nisalimie wanachama wote, wa hapa na wale wanaovuka mpaka pale Petite Barrière kila siku na unga kichwani. Msalimie na Mama Verediane, lakini yeye kwa ufupi.

Ni mimi, ninayesononeka kwa adabu,

Kayitare
Karani wa mizani

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii, na amekataa kunipa bahasha mpaka niongeze yafuatayo.

Siku ya kuagiza, Verediane aliniuliza: "Gorofa njo nini, papa?" Ningeweza kumchorea. Badala yake nilimtoa nje, nikamnyooshea kidole nyumba ya yule tajiri wa kando ya ziwa, nikasema: "Kama ile pale." Alishtuka: "Ile? Yote?" Nikamjibu: "Yote, mama, usipunguze kitu."

Kuna la pili. Mzee Habumugisha alipomaliza maneno yake, Verediane alisimama kusema: "Hapana, hii ni gato ya kula tu, ni mi nimekosa." Alikuwa tayari kubeba kosa lisilo lake. Mimi ndiye niliyemvuta kitenge akaketi. Kisha nikasimama, nikainama kuyapokea makofi, mara mbili. Tangu nirudi nchini sijawahi kupigiwa makofi, na nilidhani hayatamdhuru mtu.

Basi malalamiko nayafuta. Jumapili baada ya misa nakwenda kwa wakwe kusema ukweli kabla ya Uwitonze kuulizwa yeye. Nimemwomba Verediane anisindikize. Amekubali kwa sharti moja: nizungumze Kinyarwanda.