Sabuni ya Daraja la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Bahati hiyo! Mama mwenye mabwawa ya samaki anatafuta sabuni ya kuoshea nyavu na ndoo zake, mwaka mzima. Sharti moja tu: ipimwe kwanza maabara, ijulikane inawadhuru samaki kiasi gani. Shemeji, kaka yake mke wangu, mtengeneza sabuni kama mimi, naye kachangamkia. Yeye na sabuni yake isiyotoa povu! Mke wangu kasema akipata nafasi na yeye atapeleka ile anayooshea vyombo. Nimecheka mpaka nimekohoa.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda maabara kuulizia. Mpimaji, dada mmoja wa miwani, kanieleza yote: matangi ya vioo, samaki wadogo, sabuni inatiwa kidogo kidogo, nani anapona, nani hafiki kesho. Maneno mengi! Nilichoshika ni kwamba kuna madaraja. La kwanza, la pili, la tatu. Kuhusu la kwanza alisema jambo kwa sauti ya msibani, ila hapo samaki mmoja alikuwa ananikodolea macho. Sikumsikia vizuri.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kapata la tatu! La mwisho! Nikampa pole, moyoni naruka. Eti anataka kuipunguzia makali apime tena. Kuipunguzia! Mimi nimefanya kinyume. Sabuni yangu nimeitia dawa ya kuzibulia mabomba, ya kuondolea kutu, na kopo moja lililofutika maandishi. Ndoo ikafuka moshi. Mke akauliza nani anataka kutuua humu ndani. Nikamwambia asubiri matokeo.

Jumatatu, 17 Machi
DARAJA LA KWANZA! Mpimaji anasema hajapata kuona sabuni kama yangu. Kanirudishia iliyobaki huku kaishika kwa koleo, heshima iliyoje! Kanipa na alama ya kubandika: samaki kalala chali kando ya mti. Raha mustarehe! Shemeji ataniamkia.

Jumanne, 18 Machi
Nimefika mabwawani, alama nimebandika ndoo nzima. Mama mwenye mabwawa kaiona, kapiga yowe, kasimama kati yangu na maji, mikono kaitanua. Nikataka kumwonyesha povu. Wafanyakazi wakanibeba juu juu, mimi na ndoo yangu, hadi nje ya geti. Hapo ndipo aliponifafanulia, mtaa mzima ukisikia: la kwanza ndilo lenye sumu kuliko yote! Kikombe kimoja tu, bwawa limekwisha! Jamani, aibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nyumbani mke akanitengea tu maji ya kuoga. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 27 Machi
Matokeo ya mke wangu yametoka. Sabuni yake haikuwekwa daraja lolote. Lolote! Maskini wa Mungu. Hata la tatu la kaka yake kalikosa. Nikajiandaa kumfariji. Kumbe kazi kapewa yeye! Eti samaki waliogelea tu hadi mwisho, hata mmoja hakuugua. Nyumba imejaa vigelegele. Shemeji kacheza, na mimi nimecheza, tena kwa moyo mmoja, maana mke ni wangu. Lakini tuambiane ukweli: amefeli, na kazi amepewa. Upendeleo mtupu! Kesho narudi maabara na ndoo mpya. Safari hii sina makuu. Hata la pili litanitosha.