Chumba cha Vioo Juu ya Dari

Jumatatu, 23 Machi
Joto. Chumba changu cha vioo juu ya dari kimekamilika. Mji Mkongwe wote nauona, nao wote unaniona natoka jasho. Haluwa niliyoiacha humo saa sita, saa nane imekuwa shurba. Binamu Zahran kapanda, kachungulia, kasema hapa si pa kukaa watu, ni pa kukaushia samaki wa ng'onda. Anapataka kwa tangi lake la maji. Nyumba ni ya shangazi yetu, Bi Hamda. Alhamisi anakuja kunywa kahawa chumbani. Akiburudika, chumba kinabaki. Asipoburudika, tangi.

Jumanne, 24 Machi
Nimepata! Chokaa. Vioo vikiwa vyeupe, jua litapiga na kurudi lilikotoka. Fundi Bakar kasema chokaa ilowekwe siku tatu, itiwe chumvi, ndipo ishike. Nikamwambia siku tatu sina. Nikapaka mwenyewe, kwa nje, hadi kioo cha juu. Baridi tamu! Mke wangu Asila kasema ni kama kukaa ndani ya yai. Wivu.

Jumatano, 25 Machi
Wingu. Upepo. Chumba sasa kama kisima. Asila kapanda na shuka, kateremka na mafua. Kaniuliza shangazi anakuja kunywa kahawa au kujifukiza. Ahsante, mke wangu, kwa wazo! Vyetezo viwili, makaa, udi. Madirisha nimeyafunga yote. Joto la kiungwana.

Alhamisi, 26 Machi
Bi Hamda kafika na buibui jipya. Shikamoo, marahaba, kaketi. Kakohoa. Kasema, mwanangu, hewa. Nikasukuma kioo cha juu kwa fimbo. Masika nayo ikaona ndiyo saa yake. Chokaa yote ikashuka, haikubakisha. Zahran akafungua mwavuli. Alikuwa nao mkononi tangu asubuhi, hasidi yule! Shangazi akajitazama, mweupe kutoka utosini hadi viatuni. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kuta zake zina miaka kumi hazijaona chokaa, nami nimeona nianze naye.

Jumamosi, 28 Machi
Tangi limepanda. Vioo vyangu viko uani, kuku wa Asila wanajitazama. Zahran kaniita nikaone maji yanavyotoka kwa kasi. Maji sikuyatazama. Nilitazama kivuli. Chini ya tangi pana kivuli kipana, vioo sita vinaenea. Nimefikiri sana juu ya Alhamisi. Chokaa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa buibui jeusi. Safari hii nitamwomba shangazi avae nguo nyeupe.