Kigogo na Dozi za Dabo

Duniani kuna watu wanaoghushi vyeti vya shule. Wengine wanaghushi hati za viwanja. Shemeji yangu alighushi figo mbovu!

Ndiyo, umesikia vizuri. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, aliamka Jumanne asubuhi, akajifunga bandeji mkononi, akafanya mazoezi ya kuchechemea mbele ya kioo, kisha akaja hospitali kudai kwamba figo zake zimekufa. Figo ziko kiunoni, sasa kuchechemea kwa nini? Muulize yeye.

Huyu ni mume wa dada yangu, dalali wa viwanja. Mtaani wanamwita Kigogo, na jina hilo analipenda ajabu, maana anadhani wanamaanisha mtu mkubwa. Sisi wa nyumbani tunamaanisha gogo dogo. Kila kitu chake lazima kiwe dabo: simu mbili, miwani miwili, saa mbili, moja kila mkono. Saa zenyewe nazijua, kwa sababu mimi ndiye fundi wake, na hazijawahi kukubaliana hata siku moja.

Mimi saa ikisimama naifungua, nabadilisha betri, inatembea. Figo zangu zilivyosimama, nikaambiwa hazina betri. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa, saa moja hadi saa sita, nipo kwenye chumba cha kusafishia damu, kiti namba tatu, mashine ikinifanyia kazi ambayo mwili umeigomea. Tupo wagonjwa kumi.

Sasa damu ikishazoea kutoka nje kutembea, homa ya ini nayo hutafuta upenyo wa kuingia. Ndiyo maana watu wa figo wanatakiwa kuchanjwa kabla ya wengine. Na hospitali yetu, kwa mapenzi yake makubwa, haikutubagua hata chembe! Chanjo ilitolewa jengo la pili, ng'ambo ya ua, kwa kila mwananchi: Jumanne na Ijumaa, saa mbili hadi saa sita. Siku zetu hizo hizo! Saa zetu hizo hizo! Sisi tumefungwa mirija kama mbuzi kwenye kamba, haki inagawiwa ng'ambo. Tukifunguliwa, tukajikokota kuvuka ua, tunamkuta bwana chanjo anabana kufuli.

"Mbona hamji mapema?" anatuuliza. "Mlango huu uko wazi kwa wote!"

Sista wetu, mama mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, aliandika barua miezi tisa. Kila barua ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mwezi wa kumi akachoka kushughulikiwa. Akaingia ofisini kwa mkubwa, akakaa, akagoma kuinuka mpaka sahihi ipatikane. Ikakubaliwa chanjo zije kwenye viti vyetu Jumanne inayofuata, ndani ya boksi la barafu. Dozi za watu kumi. Si kumi na moja.

Kosa langu ni kuropoka. Jumapili nikiwa kwa dada, nikasema, "Jumanne tunachanjwa, na sisi wa figo tunapewa dozi dabo."

Kigogo aliacha kutafuna.

"Dabo?"

"Dabo, shemeji. Ni kwa sababu miili yetu..."

"Usinieleze! Jengo la pili wanagawa moja moja kama peremende, kumbe dabo ziko kwenu! Huko ndiko kwa watu wa maana!"

Nilidhani anatania. Jumanne saa tatu nikamwona anaingia, mguu mmoja unaburura, kwapani faili jipya ambalo bado lina harufu ya duka. Akanikonyeza. Nikageukia ukutani.

"Nimehamishiwa hapa," akamwambia Sista kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. "Figo. Zote."

"Pole sana, kaka. Unasafisha mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku! Asubuhi na jioni. Mimi ni msafi sana."

Sista hakucheka. Aliandika. Huyu mama angecheza karata angetufilisi wote.

"Na uzito wako mkavu ni kilo ngapi?"

"Mkavu? Mimi si mkavu hata kidogo, dada. Nitazame nilivyojaa!"

Sisi wa mashine wote tunaujua: ni uzito wa mwili ukishatolewa maji.

"Naona. Kaa hapo kwanza."

Akakaa kiti namba tisa. Kilikuwa wazi kwa sababu mwenyewe, mshonaji mmoja tunayemwita Mama Cherehani, mvua ilikuwa imemchelewesha. Kigogo akajitandaza kama bwana harusi, akatoa chupa ya juisi ya lita moja na nusu, akaishusha yote, gudu gudu gudu!

Wenzangu, sisi maji tunapimiwa kwa kikombe. Bibi wa kiti namba tano, ambaye huwa ananyonya kipande cha barafu asubuhi nzima, alimtazama kama anayetazama gari la polisi likiibiwa.

Haikupita nusu saa.

"Sista, samahani, choo kiko wapi?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Choo cha nini?" Bibi akauliza.

"Haja ndogo tu, mama."

"Haja ndogo!" Bibi akashika kifua. "Mwanangu, mimi mara ya mwisho kwenda haja ndogo mjukuu wangu alikuwa anatambaa. Sasa yuko darasa la nne!"

Kigogo alitoka mbio, mguu wa kuchechemea akausahau kitini. Akarudi. Dakika ishirini, akatoka tena. Akarudi. Akatoka mara ya tatu!

"Huyu figo zake si mbili," Bibi akatangaza. "Anazo nne, na zote zinafanya kazi ya ziada!"

Tulicheka mpaka mashine zikaanza kupiga kelele. Aliporudi, Sista alikuwa anamsubiri na trei.

"Haya, mgonjwa. Kwanza masaa manne ya mashine, halafu ndiyo chanjo."

Kwenye trei kulikuwa na sindano mbili nene kama misumari ya bati. Sista akaifungua ile bandeji. Mkono ulikuwa laini, hauna hata alama ya mbu.

"Mshipa wako wa mashine uko wapi?"

"Labda... umehama?"

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Mama Cherehani akasimama pale, maji yanamchuruzika, miguu imevimba. Akakitazama kiti chake na mtu aliyekikalia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, polepole, "Sista, nimekosa tena?"

Kicheko kiliniishia. Hata Kigogo aliinama.

"Hujakosa," Sista akasema. Kisha akamgeukia shemeji. "Unajua kwa nini hawa wanapewa dozi dabo? Kwa sababu miili yao imechoka, dozi moja haishiki. Hii dabo si heshima, kaka. Ni pengo tunalijaribu kuziba. Wewe wa dozi moja, jengo la pili liko wazi muda huu, ungekuwa umeshachanjwa umerudi kwako."

Kigogo akainuka. Mama Cherehani akakaa, akachanjwa mara mbili, akafumba macho. "Miezi tisa kuisubiri," akasema, "na yenyewe haichukui hata dakika."

Mwingine angeondoka kimya kimya. Kigogo akakohoa, akavuta mkanda.

"Kwa kweli nilikuja kukagua huduma. Nimeridhika."

"Tunashukuru, mkaguzi," Sista akasema. "Faili nimeshalifungua, siwezi kuliacha tupu. Lete mkono nikupime presha."

Akaleta mkono kwa madaha. Kipimo kikabana, kikapumua. Sista akatazama, akapima tena. Akaita daktari. Daktari naye akapima.

"Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini," daktari akasema. "Unatumia dawa gani?"

"Dawa? Mimi siumwi!"

"Figo zako ni nzima," daktari akamwambia, "lakini presha ya namna hii ndiyo inayoziua."

Kigogo akanitazama mimi, akaitazama mirija yangu, akakaa chini taratibu pale pale sakafuni. Safari hii hakuwa anaigiza.

Bibi akatoa barafu mdomoni.

"Usihofu, baba," akamwambia kwa upole. "Ukiidharau presha yako hivyo hivyo, mwakani utakuja hapa bila kumdanganya mtu."