Magadi ya Baba Mkwe

Jumamosi, Agosti 1993. Asubuhi nilikuwa na heshima. Saa nane mchana nimeipoteza, kwenye mazishi ya baba mkwe, Kimilili.

Nyinyi wa Kitale mtasikia tu, afadhali niwaambie mwenyewe.

Nilipewa kusoma historia ya marehemu. Mimi! Mtu ambaye hata salamu naitoa polepole. Lakini nilitaka sana kumsomea vizuri. Mzee alinipenda, na sote wawili tulisumbuliwa na kiungulia. Kila nikimtembelea tulibishana: yeye magadi kwenye maji, mimi tembe za kutafuna. ("Hizo ni peremende," alikuwa akiniambia.)

Leo, sijui ni woga au chai ya matanga, kifua kikaanza kuwaka. Nikatafuna tembe mbili. Wapi! Shemeji yangu Wafula akaninong'oneza, "Bana, hizo ni za watoto. Jaribu hii." Dawa nyeupe ya chupa, ya zahanati. Nikapiga mafunda matatu. Moto ukapungua, ukarudi.

Mke wangu Nekesa akaja na kikombe. "Mama amekuona ukishika kifua. Anasema unywe magadi ya mzee." Mama mkwe hangeleta mwenyewe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hata salamu ni za mbali. Sasa ningekataaje? Nikanywa yote. (Ndiyo, juu ya tembe na ile ya chupa. Najua.)

Wakaniita. Nikashika maiki ya kukodi. "Mzee wetu alikuwa mtu wa maneno machache..."

Tumbo likajibu.

Jamani, ile mbweu! Ilikuwa ndefu, ikapita kwenye spika zote mbili, ng'ombe wa jirani akaitikia. Mchungaji akajifunika uso kwa Biblia. Wazee wa mstari wa mbele wakainama, mabega yakitetemeka, na si kwa kilio. Mmoja akauliza, "Ati marehemu amesema nini?"

(Ukweli usemwe: kifua kilipoa kabisa.)

Nikakunja karatasi niondoke. Ndipo mama mkwe, ambaye kwa miaka tisa hajanielekezea neno zaidi ya salamu za mbali, akasema akiwa amenipa mgongo:

"Nekesa, mwambie bwanako amalizie. Na wewe Wafula, shika hicho chombo mbali na mdomo wake."

Nikasoma kurasa zote mbili kwa kupaza sauti, Wafula amesimama hatua tatu kando, maiki ameikumbatia.