Ushuru wa Halwa Nyumbani kwa Bi Kaltham

Jumapili, 5 Oktoba

Maram amenilamba kidole sasa hivi. Si kwa mapenzi! Amekinusa kwanza, akakilamba, akanikazia macho kama askari wa forodha, akasema: Halwa. Mtoto wa miaka mitatu! Nilikula tangu alfajiri na mikono nimenawa kwa sabuni mara mbili.

Nyumba hii halwa ni marufuku tangu baada ya Idi Kubwa, siku sukari ya Baba Hashil, mkwe wangu, ilipopanda akaanguka mlangoni mwa msikiti. Mama Kaltham, mkewe, akatoa amri: halwa haiingii hapa ila ya wageni. Amri ndiyo hiyo. Halwa nayo ipo! Shemeji yangu Turki yake iko kwenye buti la gari, chini ya tairi la akiba. Mama mwenyewe ana bakuli ndani ya mashine mbovu ya kufulia (nimeliona, nimenyamaza). Yangu imo ndani ya mfuko wa nepi. Maram nepi kaacha zamani, mfuko nimeubakisha.

Leo Adham, binamu yake mume wangu, aliye Kanada, kaleta ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Anasema huko bangi wameiruhusu. Ina duka, ina taa, unapewa na risiti! Serikali inakata ushuru wake, hazina inajaa, vijana wanapata kazi. Mama akaleta astaghfirullah tatu, akaniambia nizime, kwetu huku mtu anafungwa kwa hayo majani na anastahili. Mie jani lenyewe hata kulijua sitaki. Lakini ile akili! Kitu kikifichwa anafaidika anayekificha tu. Kikiwekwa mezani kikatozwa, wanafaidi wote. Ujumbe ulikuwa wa dakika sita. Nimesikiliza mbili. Zimetosha.

Maana hazina ya kujaza ninayo. Mama yangu yuko Sur. Kutoka hapa Ibra ni mwendo wa saa moja na nusu, na macho yake siku hizi yamepungua. Kwenye simu anamwambia Maram, sogea nikuone, na Maram anabandika pua kwenye kioo mpaka kinapata ukungu. Kwenda kwake lazima nimsubiri Abdullatif, mume wangu, arudi kutoka kazini Maskati kila Alhamisi, na kila Alhamisi kachoka. Nikipata leseni nakwenda mwenyewe! Safa, mwalimu wa udereva, anataka arubuni ya riali thelathini kabla mwezi haujesha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetoa hoja yangu wakati wa kahawa. Turuhusu halwa, tuitoze. Mchoto mmoja, tonge la vidole vitatu, baisa hamsini (baisa elfu ndiyo riali). Maram hapati, umri haujafika. Baba hapati, daktari kakataa. Kopo la maziwa ya unga nimelitoboa tundu, nimeliweka juu ya friji. Nimewaambia wazi fedha ni za leseni yangu.

Mama akasema sheria za makafiri hazipiti jikoni kwake. Nikasema, kwa upole kabisa, kwamba hata mashine mbovu ya kufulia iko siku itafunguliwa. Mama akakohoa. Sheria imepita!

Ila katia sharti: mgeni hatozwi. Siku mgeni akitozwa halwa nyumbani kwake, basi azikwe kwanza yeye. Haki yake. Turki akauliza mgeni ni nani hasa. Nikamjibu: aingiaye kwa mlango wa nje wa majlisi, sebule yetu ya wageni, akatoa salamu. Akaandika kwenye simu. Nimefurahi, siku zote huwa hanisikilizi.

Jumatano, 8 Oktoba

Jana kopo lililia siku nzima! Mama kalipa, mie nimelipa. Serikali gani nyingine inajitoza yenyewe?

Leo msiba. Turki anasema baisa hamsini ni dhuluma, na halwa ya kwenye buti haijui ushuru. Kumbe anamuuzia Mama mchoto kwa ishirini na tano! Mteja wangu mkubwa! Nimeshusha ushuru mpaka ishirini na tano. Turki kashusha mpaka kumi.

Si hilo tu. Alasiri katoka kwa mlango wa jikoni, kazunguka ukuta, kabisha mlango wa majlisi. Katoa salamu nzito kama sheikh aliyetoka Al Qabil kwa miguu. Kakaa. Kauliza habari za wazee, za watoto, za mitende, za mbuzi. Mbuzi hatuna! Mama kanyanyuka kamtilia kahawa, kamwekea halwa yangu mbele. Nikasema, Mama, huyu Turki. Mama akasema mgeni ni mgeni, nisimtie aibu.

Michoto saba. Kopo kimya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sasa wote wageni. Mama kavaa buibui lake la harusini, kazunguka ukuta, kabisha. Nani kampokea? Baba Hashil! Na mwenyeji hamwachi mgeni ale peke yake, haijawahi kuonekana. Nikamkumbusha Baba maneno ya daktari. Akanijibu polepole, Mwanabaraka mwanangu, mgeni katoka mbali. Mgeni ni mkewe wa miaka arubaini na moja!

Abdullatif kafika magharibi, kakuta viatu vya nyumba nzima vimepangwa mlangoni kwa majlisi na ndani watu wanapeana pole za safari. Kadhani tumefiwa. Nilipomweleza kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akasema deni la gari likisha atanilipia yeye, inshallah. Hilo deni linakwisha Maram yuko skuli.

Lakini jambo la ajabu: kopo limekuwa zito kuliko jana. Hakuna niliyemwona akitia. Basi watu wana dhamiri! Sheria nzuri hufanya kazi hata ukiwa umelala.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kopo zito zaidi! Nimelitikisa sikioni kwa Maram, kacheza ngoma.

Hazina inataka walaji. Baada ya sala nimenunua bakuli la pili sokoni, la zafarani, limejaa lozi, nimelitia majlisini. Baba akasema kwa bakuli kama hili hata maiti atapokea wageni.

Nimempigia mama yangu, nimemwambia nitakuja mwenyewe, nimeshika usukani.   Akauliza kama gari litakuwa na dirisha la kufunguka, maana Maram hutapika njiani, na akasema ataanza kukaa kibarazani tangu asubuhi, gari asipoliona atalisikia.

Jumapili, 12 Oktoba

Baba kaamka na kiu isiyokwisha na kizunguzungu. Kipimo cha sukari kumi na tisa! Turki kamkimbiza kituo cha afya, mie nyuma na Maram mapajani. Muuguzi kauliza mzee kala nini. Baba kajibu: nimepokea wageni.

Wamemtia dripu, kimeshuka. Alhamdulillah, alhamdulillah. Mama kamfuta jasho kwa ncha ya mtandio.

Tuliporudi Baba kaniita. Kasema zile fedha zilizolitia kopo uzito ni zake zote. Kila alipokwenda msikitini alikuwa anatia kwanza, na noti za riali kazikunja ndogo kama hirizi. Nikamuuliza kwa nini. Kasema sheria imemsamehe mgeni, haikumsamehe mwenyeji. Na kasema, mama yako kakaa anakusubiri.

Nimelia ndani ya nywele za Maram. Hazina yangu yote ilikuwa ugonjwa wa Baba! Na bakuli la pili nimelinunua mie, kwa mikono yangu.

Maram alipolala nimemsikiliza Adham mpaka mwisho. Anasema wauzaji wa kificho hawakwisha, wanauza rahisi. Anasema mahali pengine ushuru ulipopandishwa sana watu walirudi kwa wauzaji hao. Na anasema hazina ikishazoea utamu inaanza kuomba watu wasiache. Dakika nne! Zilikuwa ndani ya simu yangu tangu Jumapili ile.

Jumatatu, 13 Oktoba

Marufuku imerudi. Mama mwenyewe kaifungua mashine ya kufulia mbele yetu, uso mkavu. Turki kafungua buti. Mie nimetoa mfuko wa nepi. Halwa yote imekwenda kwa jirani wenye harusi. Ndani ya kopo mna riali kumi na nane. Nilimrudishia Baba, kakunja mikono nyuma kama mtoto asiyetaka dawa.

Nimejifunza. Siuzi tena kitu cha kumdhuru mtu!

Sasa daktari kaamrisha Baba atembee kila jioni mpaka kwenye wadi, lile bonde kavu la mto, na kurudi. Baba kutembea hakupendi, anasema miguu yake imeshafika ilikokuwa inakwenda. Ndipo nilipopata akili safi kabisa. Tutatembea nyumba nzima, na asiyetaka atalipa faini ya riali moja. Nani atatoa riali nzima ili akae? Watatembea wote! Afya itapatikana, na akitokea mvivu, mama yangu atapata mgeni wake. Huku faida, huku faida. Tundu hakuna.

Nimetangaza saa kumi. Saa kumi na robo nimesikia kitu kimedondoka ndani ya kopo, kisha kingine, kisha kingine. Ni Baba. Kalipia wiki nzima mbele, kavua viatu, kajinyoosha mkekani, na anacheka na Maram kama mtu aliyefunguliwa jela. Turki anauliza kama mgeni naye hutembea.

Mama ananiita majlisini, sauti yake imepanda, anasema nije nimtazame huyu mume wake. Nakuja, Mama! Niandike hili moja tu: nimempigia Safa, nimemwambia kwa mwendo huu wa Baba, arubuni yake kabla ya wiki mbili itakuwa imetimia.